Kurasa Mbili kwa Ajili ya Shueb

Iftin, Garissa
Jumatatu, 3 Februari 2025

Asubuhi ya leo: upepo wa vumbi tangu alfajiri, jua limetoka jekundu, hakuna wingu.

Eddo Mwikali,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzima. Rahmo, ninayepanga naye chumba, anakusalimu. Mwanawe ameota meno mawili ya chini na sasa anatafuna kila kitu, hadi kamba ya kitambulisho changu cha kazi. Abdow, dereva wa basi, ameniambia kwamba ule mlingoti wa simu ulioangushwa huko Rhamu bado haujasimamishwa. Basi tutaendelea na kalamu. Mimi sioni vibaya. Ulinilea, ukanifundisha kuandika barua za Kiswahili nikiwa na miaka minane, wakati Kisomali chako kilikuwa cha sokoni na Kikamba mimi sikujua hata salamu, na mpaka leo nikiwa na neno zito naliandika kwa lugha hii na ni kwako.

Neno lenyewe ni hili. Idara yetu hapa kwenye tawi la chuo itatangaza mwezi ujao kazi ya kudumu ya msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya mwaka wa sita sasa kama kibarua, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Seva ikizima ni mimi ninayeitwa. Mwanafunzi akisahau neno lake la siri ni mimi. Daktari Musembi, mkuu wa idara, amenidokeza kwamba tangazo litataka shahada, au uzoefu wa miaka mitano. Unajua sina shahada. Nina cheti cha Kidato cha Nne na kozi fupi mbili. Uzoefu ndio kitu pekee nitakachoweka mezani, na hapa mjini hakuna mwingine aliye nao kama wangu.

Usimwambie mtu bado, isipokuwa Shueb. Yeye ni mwanao na ni ndugu yangu, atafurahi.

Wako,
Kowsar


Rhamu
18 Februari 2025

Mwanangu Kowsar,

Barua yako imefika salama, haijakunjwa hata pembe. Huku mto Daua umebaki mchanga na madimbwi, tunamwagilia vitunguu kwa zamu na pampu ya jirani, na kila zamu ina ugomvi wake. Gredi ya Sita wamenipa watoto sitini na tatu. Shemeji yangu Mzee Korane mgongo unamsumbua lakini sauti haijapungua; juzi alimfokea mbuzi mpaka msikiti mzima ukasikia. Kaburi la mume wangu Dagane, marehemu adeer yako, nimelizungushia miiba mipya.

Nina ombi. Shueb ana mwaka wa pili tangu apate shahada na bado anakaa barazani, nayo iko ndani ya mfuko wa nailoni. Sasa ofisi moja ya maji huko Mandera inatafuta kijana wa kompyuta. Karatasi anayo, ila hana la kusema. Hajawahi kugusa kompyuta ya watu wengi. Nakuomba umwandikie kurasa mbili, kwa Kiingereza, za mambo ambayo mtu wa kazi hiyo huyafanya kila siku, kana kwamba ni yeye anayesema. Wewe maneno hayakushindi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekufundisha.

Habari zako nimezisoma. Mungu ana mipango yake.

Mama yako,
Mwikali


Iftin, Garissa
Jumapili, 2 Machi 2025

Asubuhi ya leo: joto bila upepo, kunguru wamekaa midomo wazi juu ya tangi.

Eddo,

Ramadhani njema. Leo ni ya pili na kichwa kimeanza kuzoea kukosa chai. Mtoto wa Rahmo amepata joto la mwili siku mbili, sasa amepoa.

Kurasa za Shueb ziko ndani ya bahasha hii. Nilianza kuziandika Alhamisi na nimezimaliza jana; nimeweka hivyo kwenye daftari langu la siku. Sikuandika mambo ya vitabuni. Nimeandika yale ninayofanya. Kwamba vumbi la kwetu huua mashine kuliko virusi, kwa hiyo kila Jumatatu huzifungua na kuzipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kwamba kila Alhamisi saa kumi hunakili kazi zote za idara kwenye diski mbili, moja inabaki ofisini na nyingine inalala nyumba nyingine, kwa sababu moto haubagui. Kwamba stima ikirudi siwashi seva mara moja, nahesabu dakika tano kwanza. Mwambie ayasome mpaka ayaelewe. Wakimuuliza kwa nini dakika tano, ajue.

Nimefurahi kuandika. Sikuwahi kuiona kazi yangu yote imekaa mahali pamoja hivyo. Nitatumia maneno yayo hayo kwenye maombi yangu. Mandera na Garissa hazitakutana.

Ila, Eddo, juu ya maombi yangu hukusema kitu.

Kowsar


Rhamu
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Idd imepita, tumechinja mmoja, ngozi ameichukua Mzee Korane. Mvua imenyesha mara mbili na Daua umeanza kutembea. Kurasa zilifika, ahsante, mkono wako umekuwa mzuri kuliko wangu. Shueb amesafiri kuja huko Garissa kwa shughuli zake. Akipita kwako mpe chakula, ni mwembamba.

Wazee walikaa hapa nyumbani kabla ya Ramadhani kuanza, mambo ya ukoo. Wewe una kazi tayari, mshukuru Mungu kwa hiyo. Mtu hamalizi mbegu akiona wingu moja.

Shule imefungwa juzi na ripoti sijazimaliza, wacha niishie hapa.

Mwikali


Iftin, Garissa
Alhamisi, 15 Mei 2025

Asubuhi ya leo: mawingu mazito, manyunyu, mto Tana umejaa na watu wanakwenda darajani kuutazama.

Eddo Mwikali,

Salamu. Mtoto wa Rahmo anasimama kwa kushika ukuta. Sina habari nyingine ya nyumbani.

Usaili ulikuwa jana. Nilivaa lile buibui jeusi ulilonishonea. Nilifika saa moja na nusu, na kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano nikamkuta Shueb, suruali imepigwa pasi, viatu vipya. Nilidhani amekuja kunitakia heri. Nikamwambia, walaal, ndugu yangu, umejuaje ni leo? Akaangalia simu yake. Akasema anangoja mtu. Halafu karani akatoka na kuita jina lake.

Alikaa ndani dakika arubaini. Alipotoka alipita upande wa pili wa ua.

Nilipoingia walikuwa watano, Daktari Musembi katikati. Mbele yao kulikuwa na faili mbili zimefunguliwa sambamba. Mama mmoja aliyetoka makao makuu akaniuliza kama ninaijua ile sentensi ya moto usiobagua. Nikasema ni yangu. Akageuza faili ya pili akanionyesha. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, kila neno, pampu ya baiskeli, Alhamisi saa kumi, dakika tano. Jina juu ni la Shueb na muhuri wa kupokelewa ni wa tarehe 20 Machi. Muhuri wangu ni wa tarehe 4 Aprili, kwa kuwa nilingoja barua ya mdhamini mpaka ikamilike.

Nikawaeleza kwamba nilimwandikia mimi, kwa ajili ya kazi nyingine. Wakauliza ushahidi. Nikataja daftari langu. Yule mama akasema daftari ni la mtu mwenyewe, anaweza kuandika humo apendavyo. Daktari Musembi hakuniangalia. Amekuwa akiniona nikipuliza hizo mashine miaka sita, na alichosema ni hiki tu: "Kowsar, mtu ananakili barua ya ndugu yake, halafu anakuja kutuambia ni ndugu aliyenakili. Tufanye nini nasi?"

Hawakuniuliza swali hata moja la kazi.

Eddo, ile ofisi ya maji ya Mandera ilikuwepo?

Kowsar


Rhamu
3 Mei 2025

Mwanangu Kowsar,

Natumai barua hii itakukuta kabla ya siku yako. Huku salama, vitunguu vimetoa majani, mvua ya juzi imebomoa choo cha shule. Mzee Korane anakusalimu.

Sijui niseme vipi, basi niseme. Hakuna ofisi ya maji. Zile kurasa mbili ulizoandika, Shueb amezipeleka kwenye idara yenu. Ulipotuandikia habari ya ile kazi, alimwambia adeer yake Korane, naye akaita wazee. Unajua desturi. Nyumba moja haipeleki majina mawili, sauti ikigawanyika hakuna anayesikilizwa huko ofisini. Wazee wakaamua ni Shueb. Walisema kazi ya msichana huhama naye siku anapoolewa. Mimi nilikuwa napeleka chai.

Mwambie mkuu wako mapema kwamba maneno ni yako na kwamba ni mimi niliyekuomba uyaandike. Nimeweka sahihi yangu hapa chini ili uamini.

Mwikali Dagane


Iftin, Garissa
Alhamisi, 22 Mei 2025

Asubuhi ya leo: jua, matope yamekauka juu, chini bado laini.

Eddo Mwikali,

Mimi ni mzima. Barua yako nimeipokea jana.

Umeiandika tarehe 3 Mei. Usaili ulikuwa tarehe 14. Basi la Rhamu hufika hapa baada ya siku mbili. Ningekuwa nayo mapema, ningemwendea Daktari Musembi kabla hawajakaa, na angejua la kusema. Nilianza kumkasirikia Abdow. Halafu nikageuza bahasha. Wewe labda hujawahi kuona, kwa sababu unamkabidhi na kuondoka: Abdow huandika nyuma ya kila bahasha na kila kifurushi siku aliyokipokea, maana watu humlaumu kwa kuchelewesha. Nyuma ya yako ameandika kwa kalamu nyeusi, 19 Mei, asubuhi.

Sikuandiki ili kukufokea. Nataka kujua siku kumi na sita ilikuwa wapi.

Shueb amepata kazi. Tangazo limebandikwa Jumanne. Mimi nimeitwa na kuambiwa hivi: kuna karatasi nitie sahihi, nikiri kwamba nilinakili maombi ya mwingine na kuomba radhi. Nikitia, wataniacha niendelee na kibarua mpaka Desemba, chini ya Shueb, nimwonyeshe kazi. Nisipotia, mkataba wangu unaisha tarehe 30 Juni na jina langu linakwenda makao makuu kama mtu mdanganyifu, nisiajiriwe tawi lolote. Nimepewa hadi tarehe 19 Juni.

Ombi langu ni dogo kuliko lile la kurasa mbili. Mwandikie Daktari Musembi mistari mitatu. Kwamba uliniomba, nikaandika, Shueb akatumia. Sitaki ufafanue zaidi ya hapo.

Kowsar


Rhamu
8 Juni 2025

Mwanangu Kowsar,

Idd njema. Tumepika wali, nyumba imejaa wageni. Wamekuja hata wale ambao hawakukanyaga hapa tangu mazishi ya Dagane. Wanampongeza mama wa msimamizi. Sijawahi kukalishwa kwenye mkeka wa mbele katika nyumba hii miaka thelathini, jana nilikalishwa.

Umeniuliza barua ilikuwa wapi. Ilikuwa kwenye mkoba wa shule, kati ya rejista na chaki. Basi huondoka hapa mara mbili kwa wiki. Kila lilipoondoka nilikwenda nayo stendi. Nilikuwa nikimwona Abdow anafunga mizigo juu, namsalimia, nanunua mikate miwili ya anjera nisiyoihitaji, narudi nayo. Usaili ulipopita ndipo mkono ukafunguka. Najua ulivyo. Najua umeshahesabu ni mabasi mangapi.

Na katika barua ile kuna neno sikulisema sawa. Niliandika kwamba wazee waliamua. Wazee walikuwa wamegawanyika. Wawili walisema msichana yuko ndani ya ofisi tayari, kwa nini tumtoe aliye ndani tumsukume aliye nje? Basi Mzee Korane akaweka kikombe chini akanigeukia mbele ya watu wote. Akasema, "Mwalimu, umewalea wote wawili kwa mkono mmoja. Mtaje wewe, nasi tutafuata."

Nikamtaja Shueb.

Wewe ni damu yao, Kowsar. Ukirudi Rhamu leo bila kazi wala mume, kuna nyumba saba zitakufungulia. Mimi ni mwalimu wa bara aliyesilimu akaolewa, na mwenye kunioa yuko kaburini. Nikiumwa, nikifa, mlango wangu kwao ni yule kijana peke yake. Nilipima hivyo kwa muda wa kumimina kikombe kimoja. Sikuombi usamehe.

Mistari mitatu siwezi kuiandika. Nimejaribu. Ile barua ya Mei niliiandika kwako, si kwa mkuu wako, lakini mkono ni wangu na sahihi ni yangu. Sikuambii uichome. Sikuambii uionyeshe. Barua ni ya aliyeandikiwa.

Kula vizuri.

Mwikali


Iftin, Garissa
Alhamisi, 19 Juni 2025

Asubuhi ya leo: baridi kidogo, upepo wa kusini, anga safi.

Eddo Mwikali,

Assalamu alaikum. Mtoto wa Rahmo ametembea hatua nne Jumapili. Tana umerudi kwenye kingo zake. Nimesikia bei ya vitunguu imepanda hapa sokoni, natumai mmeuza vizuri.

Shueb alikuja ofisini kwangu Jumatatu. Nasema kwangu kwa mazoea; funguo anazo yeye sasa. Stima ilikuwa imekatika na kurudi, akawasha seva palepale, ikakataa. Wahadhiri walikuwa wamesimama mlangoni wanataka alama za wanafunzi. Alinivuta pembeni, jasho linamtiririka, akaninong'oneza: "Abaayo, dada yangu, ile pampu huwa unaiweka wapi?"

Nilimwonyesha. Niliirudisha seva pia, ilinichukua saa mbili. Kwa muda huo alikaa nyuma yangu kwenye kiti na hakuuliza kwa nini ninafanya hiki kabla ya kile. Ningemchukia vizuri zaidi kama angeuliza. Alipoondoka alinishukuru, kisha akasema nitie sahihi ile karatasi ili mambo yaishe, kwamba karatasi ni karatasi tu. Akaniambia umelala vizuri tangu apate kazi, na kwamba kama nakupenda nitakuacha ulale.

Nimeitafakari hesabu yako, ile ya kikombe kimoja. Sikuona kosa ndani yake. Nyumba saba ni kweli zipo. Ila katika hizo saba hakuna hata moja niliyowahi kulala nikiwa mgonjwa. Nilikuwa na miaka minne mama yangu alipokufa, na tangu hapo nilikuwa na nyumba moja. Ulinipima kama mtu wa Mzee Korane. Mimi nilijihesabu kuwa wako.

Leo saa tatu asubuhi nilikwenda kwa Daktari Musembi na barua yako ya tarehe 3 Mei. Hii ya Juni sikuipeleka. Mambo ya mkeka na kikombe hayawahusu. Aliisoma mara mbili. Akauliza aliyeandika ni nani kwangu. Nikasema ndiye aliyenilea. Akavua miwani, akaniambia kwamba kitu kikiingia kwenye faili hakitoki, na kwamba ikiwa nataka niikunje niondoke nayo, yeye atakuwa hajaiona.

Nikamwambia aipige muhuri.

Aliipiga. Nakala nimebaki nayo, ya asili ni yao. Nilijaza pia fomu ya kueleza uhusiano wangu na wewe; pana nafasi ya neno moja tu, nikaandika mama. Ile karatasi yao ya kuomba radhi nimeirudisha bila sahihi.

Shueb ataitwa Jumatatu. Sijui watamfanya nini. Sijui kama kazi itakuwa yangu. Yule mama wa makao makuu huenda akaona afadhali watangaze upya, na safari hii waondoe habari ya uzoefu wabakize shahada. Mkataba wangu unaisha baada ya siku kumi na moja na hakuna aliyetaja mwingine. Nimeshaiandika orodha ya kukabidhi, maneno ya siri yote, diski iliyo hapa nyumbani, kila kitu kimehesabiwa, asije mtu kusema nimeondoka na cha idara.

Abdow anaondoka alfajiri. Naandika usiku huu ili usikie kwangu kabla ya Mzee Korane kusikia kwa mwingine, upate siku mbili tatu za kujua utakalomwambia. Mimi na Rahmo tumekutafutia chumba, kipo, mlango wa tatu kutoka kwetu, kina dirisha. Sisemi kwamba nimesamehe. Nasema chumba kipo.

Kowsar

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Niliacha bahasha wazi nikifikiri nitaongeza mstari mmoja wa kukuaga, sikuupata. Usingizi umenijia saa tisa na dakika ishirini usiku.